Usihame mikunde kwa sababu mtu kakucheka

Juzi mwanafunzi mmoja wa hapa Dodoma kaniandikia. Anakuza karanga maabarani kwa njia ya tishu, yaani kuotesha mche mzima kutoka kipande kidogo cha mmea ndani ya chupa, lakini zinatoa uvimbe tu, machipukizi hayaji, na msimamizi kamshauri ahamie migomba. Nilitabasamu kwa uchungu. Nami niliambiwa hivyohivyo mbele ya watu, na aliyeniambia hajawahi kuotesha hata kunde kwenye chupa. Leo picha ya miche yangu ya tishu imo kwenye mada anazowasilisha. Sijasema kitu.

Migomba hukubali upesi, mikunde ni migumu, hilo kweli. Ila ugumu wake mwingi uko kwenye kipande unachokikata. Ukianza na jani ukaliwekea 2,4-D, homoni ya kundi la oksini, mara nyingi utalea huo uvimbe, yaani kalasi, na usione chipukizi. Otesha mbegu ndani ya chupa safi, mche ukiwa mchanga kata pale ghalambegu, yale majani mawili manene ya mbegu, zinaposhikana na shina. Hapo pana vichipukizi vilivyolala. Vipe chakula cha MS, yaani mchanganyiko wa virutubisho wa Murashige na Skoog wa mwaka 1962, sukari gramu 30 kwa lita, pH 5.8, pamoja na BAP, homoni ya kundi la sitokinini. Viwango vya BAP jaribu kadhaa, maana kila aina ya mbegu ina tabia yake. Skoog na Miller walionyesha kwa tumbaku mwaka 1957: sitokinini ikizidi oksini huja machipukizi, oksini ikizidi huja mizizi. Kwa hiyo ukifika kwenye mizizi, badili homoni, tumia NAA au IBA, ambazo ni oksini.

Vijana mnapenda njia ya mkato! Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta ya kulima karanga, hawakuisoma ardhi wala mvua, 1951 mradi ukafa. Someni mmea wenu kwanza.

Hewa kavu ya Dodoma nayo ni adui. Mche wa chupa una nta kidogo kwenye majani, ukiutoa ghafla unanyauka siku hiyohiyo. Osha agari yote (ule utando kama jeli unaogandisha chakula cha chupa) mizizini, funika mche kwa mfuko wa nailoni, kisha uwe unafunua kidogo kidogo. Mizizi ikigoma kabisa, pandikiza chipukizi juu ya mche wa mbegu. Kwenye dengu njia hiyo inatumika.

Na wewe uliyeniandikia, niambie karanga ulizipata wapi. Kama ni za sokoni, tafuta mbegu iliyothibitishwa kabla ya kumwaga jiki nyingine ya kusafishia mbegu, kwani za sokoni mara nyingi zina kuvu ndani.