Bunduki ya babu ina ELG, dalali anasema milioni thelathini

SWALI: Shikamoo mhariri. Babu alifariki mwaka jana huku Ukerewe, juzi tunapanga vitu vyake tukakuta juu ya dari ile shotigani yake ya mitutu miwili aliyokuwa anafukuzia ngedere shambani. Jina haina, ina herufi ELG tu ndani ya kiduara cha umbo la yai na kitaji juu yake. Kuna dalali pale soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, anasema ELG ni kampuni kubwa ya zamani, tusiiachie chini ya milioni thelathini. Ni kweli? (Mjukuu, Nansio)

JIBU: Marahaba mjukuu, na poleni. Huyo dalali abaki na dagaa zake tu, ELG sio kampuni hata kidogo, ni muhuri wa majaribio wa mji wa Liège, Ubelgiji. Kule kila mtutu ulikuwa unapigwa kwanza baruti nyingi kuliko kawaida, usipopasuka ndo unagongwa ELG, na hicho kitaji kimeanza 1893 kwahiyo yako haijapita hapo kwa uzee. Sasa Liège mafundi walikuwa wanatengeneza vipande majumbani mwao, huyu mtutu yule kitako, wafanyabiashara wanaunganisha na kusafirisha dunia nzima kwa bei chee, nyingine bila jina kabisa ili mwenye duka agonge analotaka. Marekani nako hivyo hivyo, Crescent ya Norwich, Connecticut walitoa bunduki ileile kwa majina kibao ya maduka. Zipo nyingi mno, ndo maana hata wakusanyaji wa huko wanaishia kuzitundika ukutani.

Angalia mitutu, ukiona michoro kama mkeka ujue ni vipande vya chuma laini na chuma kigumu (steel) vilivyosokotwa pamoja vikafuliwa, inaitwa Damascus. Inapendeza sana, mimi naipenda kuliko hizi bunduki za Kirusi za Baikal, ila ilitengenezewa baruti nyeusi ya moshi, risasi za leo zinaweza kuipasua mkononi mwako. Halafu nyingi za zamani chemba, yaani pale risasi inapokaa, ni milimita 65, risasi nyingi za sasa ni 70, inaingia vizuri tu ila ukipiga, mdomo wake unapofunguka mbele unakosa nafasi. Msijaribu hata kwa ngedere.

Na leseni ilikuwa ya babu, sio ya ukoo. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ukikaa nayo ndani wewe ndo mwenye kosa, kwahiyo nenda na mwenyekiti wa kijiji polisi hapohapo Nansio mkatoe taarifa kwanza, bunduki ibaki nyumbani mpaka wawaelekeze. Usije ukaifunga kwenye gunia ukapanda nayo kivuko kuja Mwanza kumuonyesha dalali.