Tangi Jipya la Maji ya Rejeta

SWALI: Nina gari la zamani lenye vitanda ndani, ninalosafiria kati ya Malindi na Garsen. Tangi la plastiki la maji ya rejeta limepasuka, na dukani nimepata la kampuni nyingine. Je, litafaa? – Msomaji, Malindi

JIBU: Litafaa, ndugu msomaji, ikiwa mfuniko wake unahimili shinikizo lile lile lililoandikwa kwenye mfuniko wa awali, kwa kuwa shinikizo ndilo linalozuia maji yasichemke yanapofika nyuzi 100, mfuniko dhaifu utayamwaga mapema, na ulio mgumu kupita kiasi waweza kupasua mipira inayopitisha maji. Midomo ya mipira nayo ilingane. Nakusihi ulifunge juu kuliko injini na rejeta, mbali na ekzosi, maana likiwekwa chini kwa sababu tu pana nafasi, hewa itanaswa ndani na injini itaungua huku tangi likionekana limejaa. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, wala si maji ya kisima, ambayo huku pwani mara nyingi yana chumvi inayokula chuma. Washa injini huku hita, kile kipasha joto cha ndani ya gari, ikiwa wazi ili hewa itoke, kisha, ikishapoa kabisa, fungua mfuniko uongeze hadi kwenye alama.