Kujenga Kigamboni: nyumba isiyo na joto na ukuta usiopukutika

Mkuu, umeuliza mawili: nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni isiyohitaji AC kutwa nzima, na dawa ya ukuta kupukutika chini kama wa jirani yako. Joto linaingilia paani na kwenye ukuta wa magharibi. Kupukutika kunaletwa na unyevu na chumvi. Yote yanazuilika, ila si kwa rangi.

Kiwanja chako cha mita 20 kwa 20 kinakuruhusu kuigeuza nyumba utakavyo. Elekeza urefu wake mashariki–magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Dar jua la mchana linapita karibu na utosi, hivyo pazia la paa (sehemu inayotokeza nje ya ukuta) la sentimita 75 hadi 90 linazikinga sana kuta hizo. Jua la saa kumi jioni linakuja chinichini, pazia haliliwezi. Magharibi weka bafu, stoo na ngazi, usiweke chumba cha kulala. Madirisha yatazamane ili kaskazi na kusi zipenye. Dirisha la alminiamu la kusukuma la mita 1.5 linakupa uwazi wa sentimita 75 tu, kwa hiyo chukua la kufunguka lote.

Paani ndipo pa kutumia pesa. Bati jeusi au la kijivu kizito linapendeza, lakini linanyonya jua. Chukua jeupe au krimu. Chini yake tandika karatasi inayong'aa, upande wa kung'aa ukitazama dari, na uache nafasi ya hewa ya angalau inchi moja. Upande unaong'aa ukigusana na kitu chochote, hausaidii. Kisha toboa matundu chini ya pazia na mengine juu karibu na kilele, yote yazibwe kwa wavu wa popo. Hewa ya moto isipopata pa kutokea, dari la jipsamu litakupikia chumba hadi usiku wa manane. Paa la kuficha (lililofichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa) sikushauri kabisa: halina pazia, na mfereji wake wa ndani ukiziba majani, maji yanashuka ukutani.

Sasa unyevu. Chini ya jamvi (zege la sakafu) tandika nailoni nzito ya geji 1000, vipande vipandane sentimita 30, juu ya mchanga laini ili kokoto zisiitoboe. Juu ya msingi, kabla ya kozi (mstari wa matofali) ya kwanza ya ukuta, pitisha utepe wa kuzuia unyevu, angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Kosa ninaloliona mno ni fundi kushusha plasta mpaka ardhini, au mwenye nyumba kujaza udongo wa bustani hadi juu ya utepe. Hapo unyevu unauruka utepe, unapanda na chumvi, na chumvi ikikauka inasukuma rangi nje. Kupiga skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) upya juu yake ni kupoteza pesa.

Matofali ya inchi 6 yasizidi 30 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Wapo wanaotoa 45. Mwagilia siku 7, jenga baada ya siku 14. Likwaruze kwa msumari: likimomonyoka, rudisha. Zege la mkanda (boriti inayozunguka kuta) na nguzo, kwa mfuko mmoja: mchanga ndoo 3 na nusu za lita 20, kokoto ndoo 7, maji yasizidi lita 27. Fundi huongeza maji ili zege litiririke, na ndiyo maana linapasuka. Nondo isiguse ubao wa fomu (mbao za kushikilia zege). Inyanyue kwa vijitofali vya zege vya sentimita 4, maana chumvi ya hewani inaitafuta.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Maji ya kisima cha karibu na bahari yaonje kabla ya kuchanganyia. Ukisikia chumvi, agiza boza la maji yasiyo na chumvi kwa zege lote lenye nondo.