Land Rover 109: usinunue boya wala geji kabla hujaweka waya wa ethi

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni kwanza.

Umeandika mwenyewe kwamba geji ya mafuta ya pikapu yako, Series III ya dizeli, ilianza kusoma "full" muda wote baada ya dashibodi kufunguliwa kubadilishwa balbu. Ukaongeza kwamba mshale wa temperecha nao umepanda karibu na nyekundu, ingawa injini haichemki. Halafu mstari unaofuata unauliza boya orijino linapatikana wapi, kwa sababu fundi wako amekuambia ubadilishe boya. Jibu umelibeba ndani ya swali lako! Mishale miwili imepanda siku moja. Boya, kile kielea kinachopima mafuta, liko ndani ya tangi, chini ya kiti cha dereva. Sensa ya temperecha iko kwenye injini. Hivyo vitu viwili havijuani kabisa. Kinachozihusu geji zote mbili ni stabilaiza, na hiyo ndiyo iliyoguswa dashibodi ilipofunguliwa.

Stabilaiza ni kidude cha bati nyuma ya paneli ya mita, upande wa spidomita. Kina vichwa viwili vya waya: B, kinachopokea umeme wa swichi kwa waya wa kijani, na I, kinachopeleka umeme kwenye geji zote mbili kwa waya wa kijani kilichopauka. (Hizo ni rangi za kiwandani. Kama gari limeshapita kwa mafundi wanne, utakuta waya za spika za redio.) Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba wa kuupasha moto. Ukipata joto unajikunja na kukata umeme, ukipoa unaunganisha tena. Inakata na kuunganisha hivyo muda wote, na wastani unaofika kwenye geji ni volti 10.

Shida inaanzia hapa. Huo waya wa kupasha moto unamalizia kwenye bati la stabilaiza lenyewe, na bati linapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye negativu ya betri) kupitia skurubu iliyolishikilia. Skurubu ikilegea, au ikirudishwa juu ya rangi na kutu, hakuna joto. Bila joto ukanda haukati. Geji zinamiminiwa volti zote za altaneta, 14 na zaidi.

Usiseme "volti nne tu". Mshale wa geji hii unasukumwa na joto, na joto linakua kwa mraba wa volti. Kumi mara kumi ni 100, kumi na nne mara kumi na nne ni 196. Karibu mara mbili! Ndiyo maana nusu tangi inasoma full, na robo inaweza kukudanganya kuwa ni nusu. Boya halina kosa, linasema ukweli wake kule chini na hakuna anayelisikiliza.

Sasa hasara yenyewe, ambayo haipo hata kwenye hilo boya unalotaka kununua. Geji inasema una nusu, unaondoka, dizeli inaisha njiani. Mwenye gari la petroli atanunua kidumu na kuendelea na safari. Wewe una injini ya 2.25 ya dizeli yenye pampu ya nozeli ya CAV DPA. Pampu hiyo haina oili yake, inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani. Ikizunguka kavu, vyuma vilivyokaa kwa nafasi ndogo kuliko unywele vinasuguana. Halafu anakuja msamaria anakwambia piga staata, piga tena, piga mpaka betri inalala, pampu ikizidi kujisaga. Kinachotakiwa ni kuweka dizeli, kulegeza skurubu za upepo kwenye filta na kwenye pampu, na kusukuma kwa mkono ile lever ya pampu ndogo pembeni ya injini hadi itoke dizeli isiyo na povu. Staata inakuja mwisho. Gharama ya kuikarabati DPA ukiilinganisha na ya mita mbili za waya, utacheka ili usilie.

Na huyo fundi wako ana toleo la pili la ushauri, nakutahadharisha mapema. Akishafunga boya jipya na mshale ukabaki pale pale, atasema "geji yenyewe imekufa". Utanunua geji. Nayo itasoma full. Hapo ndipo atasema "hiki kidude cha nyuma ndicho kinachosumbua", atakitoa, ataunganisha B na I pamoja, dairekti, na kukuambia geji imefufuka. Imefufuka kwa volti 14, na ukiiacha hivyo ule waya mwembamba wa ndani ya geji utaungua siku moja. Kisha ataangalia temperecha iliyo juu na kung'oa thamostati. Sasa una injini inayokimbia baridi, inayokula mafuta zaidi, na geji ya mafuta inayoapa kwamba tangi limejaa. Kazi nzuri, lipa ufundi.

Wauza spea nao wamo. Ukiingia dukani ukasema geji haisomi, hakuna atakayekuuliza mshale umelala au umepanda. Utaulizwa "unataka ya petroli au ya dizeli?" Kwa hiyo acha duka, fanya hivi.

Washa swichi bila kuwasha injini na utazame mishale yote miwili. Ikiwa yote imepanda kupita hali halisi, ni ethi ya stabilaiza au stabilaiza iliyoganda, yaani ukanda wake haukati tena. Ikiwa yote imelala, angalia fyuzi, waya wa kijani unaoingia B, na kama I inatoa chochote. Ikiwa temperecha iko sawa na mafuta peke yake ndiyo inasumbua, hapo ndipo una ruhusa ya kufikiria tangi.

Kesi yako ni ya kwanza. Zima swichi, tafuta waya wa mita mbili, funga ncha moja kwenye bati la stabilaiza (bati, siyo B wala I) na nyingine kwenye negativu ya betri. Washa swichi, washa injini, subiri dakika mbili. Geji hizi ni za joto, mshale unatembea polepole, kwa hiyo usikate tamaa sekunde ya tano. Mishale ikishuka, umemaliza. Fungua skurubu, piga msasa pande zote mbili hadi chuma king'ae, weka grisi kidogo, kaza, na ukipenda acha waya wa ethi wa kudumu.

Isiposhuka, pima I kwa taa ya majaribio. Stabilaiza nzima inaifanya taa iwake na kuzima. Ikiwaka moja kwa moja hata baada ya dakika moja au mbili, imeganda. Multimita ya dijitali itakuchanganya hapa: namba zitaruka sifuri, kumi na mbili, sifuri, nawe utadhani imekufa wakati iko kazini.

Iliyoganda huna haja ya kuitafuta ya Uingereza. Duka la vipuri vya redio lina kidude kinaitwa L7810, kinatoa volti 10 tulivu. Ukikitazama upande wa maandishi, miguu ikiwa chini, wa kushoto ni umeme unaoingia, wa kati ethi, wa kulia umeme unaotoka. Bati lake la mgongoni nalo ni ethi, hivyo lifunge kwa boliti kwenye chuma kitupu, litapoa hapo hapo. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingia na 0.1 upande wa kutoka. Usikubali 7812 kwa sababu "gari ni la volti 12".

Kuhusu boya, kwa ufupi, kwa sababu wengine watakuja hapa na shida hiyo. Inua kiti cha dereva, toa kifuniko, utaona waya wa kijani wenye mstari mweusi. Swichi ikiwa imezimwa, uchomoe, kisha washa: mshale ulale kwenye E (tupu). Zima, ushikishe kwenye chuma cha bodi mbali na tangi, washa: mshale upande hadi F (full). Ukifika, zima mara moja, usiiunguze. Ikifanya hivyo, geji na waya ni nzima. Sasa pima boya lenyewe, kati ya kichwa chake na tangi: karibu omu 240 likiwa tupu, kati ya 20 na 40 likijaa. Boya la Toyota ya zamani linaishia omu mia na kidogo likiwa tupu, kwa hiyo ukifungiwa hilo, mshale hautagusa E hata tangi likikauka.

Kabla ya kulitoa, weka waya wako ule ule kutoka kwenye bati la tangi hadi kwenye chasisi. Tangi limekaa kwenye rangi, kutu na raba, na ethi yake ikifa, mshale hushuka. Ya stabilaiza ikifa, mishale hupanda. Waya mmoja unapima zote mbili, na hakuna duka la spea litakalokuuzia kipimo cha bei hiyo.

Fanya leo kabla hujaweka mafuta, halafu andika hapa mishale yote miwili imesimama wapi. Yote miwili, mkuu, siyo wa mafuta peke yake.