Maswali ya Wasomaji: Kupunguza Vitu Nyumbani na Kuvipeleka Duka la Hisani

Barua zilizotufikia mwezi huu kuhusu nyumba zilizojaa vitu ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, na nimechagua tano tu. Karibu wote waliotuandikia wanafikiria kuvipeleka vitu vyao kwenye duka la hisani, yaani duka linalopokea bure vitu vilivyokwisha kutumika, likaviuza kwa bei nafuu, na mapato yake yakaendesha kazi za shirika linalolimiliki. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu uzito wake unastahili.

SWALI: Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Chumba chake kiko vilevile alivyokiacha: kabati limejaa nguo, chini ya kitanda kuna masanduku matatu, na sisi watoto wake wanne kila tukikutana tunaambiana kwamba tutakishughulikia siku nyingine. Mwezi uliopita niliingia nikiwa nimeazimia kuimaliza kazi hiyo, nikaishika sweta yake moja, nikatoka nikilia. Nianzie wapi? Na je, ni kumkosea marehemu kuziacha nguo zake zivaliwe na watu asiowajua?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Ulianza na kitu kigumu kuliko vyote vilivyomo chumbani humo, kwa kuwa nguo hubeba harufu na umbo la mwenyewe, na hakuna azimio linalohimili hilo kwa mara ya kwanza. Rudi chumbani, lakini safari hii anza na vitu visivyo na sura ya mama: dawa zilizokwisha muda wake, mashuka ya akiba, mito, viatu vilivyochakaa, chupa za mafuta zilizobaki nusu. Nguo zifuate baadaye. Picha na barua ziwe za mwisho kabisa, kwa sababu mtu akishafungua bahasha ya picha, kazi ya siku hiyo imekwisha. Jiwekee saa mbili kwa siku na usizidishe, maana kuamua kunachosha kuliko kubeba, na maamuzi ya mtu aliyechoka ndiyo anayoyajutia kesho yake.

Kabla kitu chochote hakijatoka, kutaneni nyote wanne chumbani humo. Kila mmoja ataje vitu anavyotamani kubaki navyo, na kile kinachotakiwa na wawili kiwekwe kando mpaka mzungumze kwa utulivu. Nimeona ndugu waliopendana maisha yao yote wakinuniana kwa miaka kwa sababu ya cherehani, na kosa halikuwa la cherehani: mmoja aliichukua wenzake wakiwa hawapo. Kama kuna ndugu anayeishi mbali, mpigieni simu ya video aone mwenyewe kilichomo, asije akaambiwa habari za chumba kilichokwisha kuwa kitupu.

Nguo zitakapofikiwa, kagueni kila mfuko. Baba yetu alipofariki tulijaza mabegi matano ya makoti na suruali, na tulikuwa tayari kuyapeleka. Kaka yangu, aliyekuwa akifunga begi la mwisho, aliingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti la kijivu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kama kitambaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Ilikuwa orodha ya majina yetu, na mbele ya kila jina baba alikuwa ameandika tarehe ya kuzaliwa na saa. Tuliyafungua tena mabegi yote. Kwa hiyo pitisheni mkono katika kila mfuko, mpekue kurasa za vitabu, mtazame chini ya karatasi zinazotandikwa kwenye droo, na hati zote za ardhi, benki, bima na pensheni ziingie katika boksi moja litakalotunzwa na mtu mmoja anayejulikana na wote.

Gawanyeni vitu katika mafungu ya kubaki, kutolewa na kutupwa, kisha muwe na boksi la nne la vitu ambavyo bado hamjaviamulia. Andikeni juu yake tarehe ya miezi sita ijayo, mlifunge, na tarehe hiyo ikifika mlifungue. Sehemu kubwa ya kilichomo mtaweza kuiachia bila maumivu, kwa kuwa muda utakuwa umefanya kazi yake. Ile sweta usiitie katika fungu lolote. Ikunje, uihifadhi, iwe yako.

Kuhusu kumkosea marehemu, mimi siamini hivyo hata kidogo. Nguo inayovaliwa bado ni nguo, ilhali ile inayoning'inia kabatini kwa miaka huliwa na nondo na kuota madoa ya kuvu, na mwisho wake ni jalala. Hata hivyo naielewa hofu ya kumwona mtu njiani amevaa gauni la mama yako kabla moyo haujapoa. Dawa yake ni nyepesi: pelekeni nguo kwenye duka lililo mbali na mtaa wenu. Na kama kuna kituo kilichomtunza mama katika ugonjwa wake, ulizeni kama kinaendesha duka, kwa sababu baadhi ya vituo vinavyouguza wagonjwa mahututi hujipatia sehemu ya fedha zao kwa njia hiyo, na familia nyingi hufarijika kujua kwamba nguo za mpendwa wao zinasaidia kumuuguza mwingine.

SWALI: Nilitoa koti langu zuri nikiamini litapewa mhitaji. Wiki iliyofuata nililiona dirishani mwa duka hilo likiwa na kibandiko cha bei. Nimejisikia kama niliyedanganywa. Kwa nini wauze kitu walichopewa bure?

JIBU: Hukudanganywa, ingawa duka lingefanya vema kulieleza jambo hili waziwazi mlangoni pake. Shirika linalochimba visima au kuhudumia wakimbizi lina haja ndogo sana ya koti lako, ila lina haja kubwa ya fedha za kulipia mabomba, dawa na mishahara. Duka ndilo linaloligeuza koti kuwa fedha, na njiani linamfaa pia mnunuzi asiyemudu koti jipya.

Mpango huu una historia ndefu. Mwaka 1902, mjini Boston, mchungaji wa Kimethodisti Edgar Helms alianza kukusanya nguo na vyombo vilivyochakaa kutoka kwa wenye uwezo, akawaajiri watu maskini kuvishona na kuvitengeneza, kisha vikauzwa na mapato yakalipa ujira wao. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shirika la Goodwill. Kwa upande wa Uingereza, Oxfam ilianzishwa Oxford mwaka 1942 kwa ajili ya watu waliokuwa wakifa njaa nchini Ugiriki wakati wa vita, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikafungua duka lake katika mtaa wa Broad Street mjini humo. Kama nia yako ni koti lenyewe limfikie mtu asiye na koti, lipeleke kwenye makazi ya wasio na nyumba au kituo kinachogawa nguo bure, lakini uliza kwanza wanahitaji nini na cha ukubwa gani. Njia zote mbili ni njema.

SWALI: Duka la karibu nami limebandika tangazo kwamba mabegi yasiachwe mlangoni usiku, na juzi walikataa nusu ya vitu nilivyowapelekea. Mtu anayetoa bure anachaguliwa vipi tena?

JIBU: Swali hili nalijibu nikiwa na picha machoni. Niliwahi kujitolea kwa miezi kadhaa katika chumba cha nyuma cha duka la namna hii, mahali ambapo mabegi hufunguliwa na kuchambuliwa. Asubuhi moja tulikuta begi kubwa limeachwa mlangoni baada ya mvua ya usiku. Juu kulikuwa na blauzi za hariri zilizokunjwa kwa uangalifu, na katikati kulikuwa na jozi ya viatu vya michezo vilivyoingizwa vikiwa vibichi. Kuvu ilikuwa imetoka kwenye viatu ikapanda hadi kwenye hariri. Mama mmoja mzee aliyekuwa akifanya kazi hapo alizitandaza blauzi moja baada ya nyingine mezani, akitafuta hata moja inayofaa, na hakuipata. Begi zima lilitupwa, na kulitupa kuna gharama, kwa sababu maduka mengi hulipia uzoaji wa taka zao. Fedha hiyo ilitoka kwenye mfuko uleule wa kusaidia watu.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji: kitu ambacho ungeona haya kumkabidhi rafiki mkononi, usikikabidhi kwa duka. Nguo ziwe zimefuliwa na kukauka kabisa, zipu zifunge, vifungo viwepo. Viatu vifungwe kwa kamba jozi kwa jozi, kwani kiatu kimoja kikipotea katika rundo, cha pili nacho hakina kazi. Mchezo wa kupanga vipande vya picha uhesabiwe na idadi iandikwe kwenye boksi. Kama nyumba yako imepata kunguni, usitoe kitu kabla ya kulimaliza tatizo. Kufua kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huwaua wadudu hao pamoja na mayai yao, lakini samani zenye vitambaa haziwezi kufuliwa hivyo, na wakiingia dukani watasambaa katika nyumba za wanunuzi.

Kuna vitu ambavyo maduka mengi huvikataa hata vikiwa vinang'aa. Helmeti na viti vya watoto vya kwenye gari ni mfano mzuri: vikipata pigo katika ajali huweza kupasuka ndani bila alama yoyote nje, na duka halina njia ya kuijua historia yake. Magodoro, dawa, vipodozi vilivyofunguliwa na visu huwekewa masharti au hukataliwa kabisa. Vifaa vya umeme vinahitaji kupimwa na fundi kabla ya kuuzwa, na duka lisilo na fundi haliwezi kuvipokea. Piga simu kabla ya kubeba mzigo, nenda saa za kazi, umkabidhi mtu.

Nguo zilizochanika nazo zina njia yake. Baadhi ya maduka huziuza kwa kilo kwa wanaotengeneza matambara ya viwandani na nyuzi za kujazia, kwa hiyo uliza, na kama wanazipokea, ziweke katika begi la peke yake lenye maandishi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria inazitaka serikali ziwe na utaratibu wa kukusanya nguo na vitambaa mbali na taka nyingine.

SWALI: Mume wangu hakubali kitu chochote kitoke. Stoo imejaa redio mbovu, waya, makopo ya rangi na vikorokoro visivyo na jina. Atasafiri kwa wiki mbili, na nimefikiria kuita gari livichukue vyote. Mnanishauri nini?

JIBU: Usifanye hivyo, nakusihi. Atakaporudi atakuwa amepoteza vitu vyake na imani yake kwako kwa pamoja, na tangu siku hiyo atakificha hata kile ambacho angekubali kukiachia.

Tabia yake si ya ajabu. Mwaka 1990, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe. Waliopewa walidai bei ya takriban mara mbili ya ile ambayo wenzao wasio na vikombe walikuwa tayari kulipa, ilhali walikuwa wamevimiliki kwa muda mfupi tu. Ikiwa kikombe cha dakika chache kinapanda thamani hivyo, redio ya miaka ishirini itakuwaje? Swali la «unakitaka hiki?» jibu lake litakuwa ndiyo daima. Mwulize badala yake: «Kama kisingekuwepo humu, ungetoka kwenda kukinunua?» Halafu anza na vitu vyako mwenyewe, avione vikitoka, na mkubaliane rafu mbili za stoo ziwe zake bila kuulizwa.

SWALI: Nina simu mbili za zamani na kompyuta ndogo ya kubebeka. Zinafanya kazi. Je, kufuta picha kunatosha kabla ya kuzitoa?

JIBU: Hakutoshi, kwa kuwa faili lililofutwa kwa njia ya kawaida mara nyingi huweza kurejeshwa na mtu mwenye programu inayofaa. Hamisha kwanza kila unachotaka kubaki nacho. Kisha ondoka kwenye akaunti zako zote ndani ya kifaa, na hatua hii isirukwe, kwa sababu simu nyingi za siku hizi hujifunga kwa akaunti ya mwenyewe, na mnunuzi hataweza kuitumia hata baada ya kufutwa. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Mwisho rudisha simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Kwa kompyuta, tumia chaguo la kufuta diski nzima, na kama diski ilikuwa na hati za kazi za watu wengine, ni bora fundi aitoe ubaki nayo.

Tazama betri pia. Ikiwa mgongo wa simu umevimba au kioo kimeanza kuinuka, usiichaji, usiipeleke dukani wala kuitupa kwenye pipa la taka, kwa kuwa betri za lithiamu zikitobolewa au kubanwa huweza kuwaka moto. Ipeleke mahali panapopokea taka za kielektroniki, ukiwa umeibeba peke yake, mbali na jua.