Nakala Tatu Zaingia Kandani, Moja Ndiyo Inayopatikana

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia seva ya Linux katika ofisi ndogo ya chama cha akiba na mikopo. Kila usiku skripti huandika nakala tatu kwenye kanda ya LTO-5 (kanda ya sumaku ya kuhifadhi data) kwa amri ya tar, inayokusanya faili nyingi ziwe nakala moja: kwanza hesabu za wanachama, kisha barua, na mwisho mipangilio ya seva. Haijawahi kuripoti kosa. Juzi folda ya hesabu ilifutwa kwa bahati mbaya, na nilipotaka kuirejesha nikakuta kandani mipangilio ya seva peke yake. Je, kanda imeharibika?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Dalili ulizoeleza hazionyeshi kanda mbovu, bali zinaonyesha kwamba skripti yako inaandika kupitia /dev/st0, faili la Linux linalowakilisha draivu ya kanda. Kila tar inapomaliza kazi na kulifunga faili hilo, kanda hurudishwa mwanzo. Kwa hiyo barua ziliandikwa juu ya hesabu, na mipangilio ikaandikwa juu ya barua, bila kosa lolote la kuripotiwa. Jina /dev/nst0 ni la draivu ileile, ila kanda hubaki pale ilipoishia, ili nakala inayofuata ianzie hapo.

Kabla ya kugusa skripti, itoe kanda hiyo, sogeza kitufe chake cha kuzuia kuandikwa, uiweke kando. Ikiwa barua na mipangilio zilichukua nafasi ndogo kuliko hesabu, huenda sehemu ya hesabu ingali kandani. Lakini draivu ya LTO huweka alama ya mwisho wa data pale inapoacha kuandika, na haikubali kusoma ng'ambo yake kwa amri za kawaida. Wataalamu wa kuokoa data wanaweza kujaribu, mradi usiiandike tena hata mara moja. Kanda za usiku mwingine zina kasoro hiyohiyo. Nazo zizuie vivyo hivyo.

Usiku wa leo tia kanda nyingine, andika nakala zote tatu kupitia /dev/nst0, kisha uirudishe mwanzo kwa mt, amri ya kuendesha kanda: mt -f /dev/nst0 rewind. Ukitoka hapo mwanzoni, mt -f /dev/nst0 fsf 1, yaani kuruka nakala moja mbele, itakufikisha kwenye barua, na fsf 2, ukianza tena mwanzoni, kwenye mipangilio. Soma kila nakala kwa tar -t hadi mwisho wake, kwani skripti iliyokaa kimya si ushahidi kwamba data ipo.

Ikiwa skripti inaandika kwa -b 512, yaani vipande vya baiti 262,144, tumia -b 512 wakati wa kusoma pia. Kipimo cha kawaida cha tar ni baiti 10,240, na ukisoma kwa kipimo hicho utaambiwa kwamba kumbukumbu haitoshi, ujumbe ambao humfanya mtu aishuku RAM bure. Kiandike kipimo kinachotumiwa na skripti kwenye lebo ya kanda pamoja na mpangilio wa nakala, maana siku ya kurejesha huenda wewe usiwepo ofisini.