Swapu imejaa na RAM bado ipo: niisafishe?

SWALI: Seva yangu ya Linux ina RAM ya GB 128 na inaendesha mashine pepe 12 kwa KVM. Swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 8 imejaa karibu yote, ilhali amri ya free inaonyesha GB 30 bado zinapatikana. Mwenzangu ameweka kwenye cron (ratiba ya amri zinazojiendesha) swapoff -a kisha swapon -a kila usiku, yaani kuzima swapu na kuiwasha tena, na vm.swappiness (kipimo cha utayari wa kutumia swapu) ameishusha hadi 0. Yuko sahihi?

JIBU: Hayuko sahihi. Ifute hiyo cron leo.

Swapu kujaa si ugonjwa. Kuna wakati kumbukumbu ilibanwa, pengine nakala rudufu zilipokuwa zikichukuliwa, kerneli (kiini cha Linux) ikatafuta kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zisizoguswa muda mrefu na kuzipeleka diskini. Mashine pepe zina kurasa nyingi za namna hiyo, zilizotumika wakati wa kuwaka tu. Presha ilipokwisha, hakuna aliyezirudisha, kwa sababu kerneli husubiri mpaka programu yenye kurasa hizo izihitaji. Kwa hiyo namba inayokutia hofu inaeleza yaliyopita.

Tazama mwendo badala ya kiasi. Endesha vmstat 1, puuza mstari wa kwanza (ni wastani tangu seva iwashwe), kisha soma safu za "si" (kinachoingia RAM kutoka swapuni) na "so" (kinachotoka RAM kwenda swapuni). Zikiwa sifuri au karibu na hapo, kalale. Zikicheza mfululizo na /proc/pressure/memory (kipimo cha kubanwa kwa kumbukumbu) nayo ikipanda, basi umegawa RAM kuliko uliyonayo: punguza mgao au ongeza RAM. Ukitaka kujua ni mashine ipi, VmSwap kwenye /proc/*/status itakutajia mchakato wake wa qemu (programu inayoendesha mashine pepe).

Mganga wako wa cron anailazimisha seva isome GB 8 kutoka diskini kila usiku, mashine zikisuasua, ili kurasa zisizo na kazi zikalie RAM. Hiyo 0 ya vm.swappiness ndiyo mbaya zaidi. Haizimi swapu; tangu kerneli 3.5 inaiambia kerneli isiiguse mpaka maji yafike shingoni. Yakifika, OOM killer (sehemu ya kerneli inayoua michakato kumbukumbu ikiisha) inaweza kuingia kazini, nayo hupendelea kuua mchakato unaokula kumbukumbu nyingi. Kwenye seva kama yako huo ni qemu, yaani mashine pepe nzima, mara nyingi ile yenye hifadhidata, inazimika kama iliyochomolewa umeme. Watu hunakili skripti hizi bila kuuliza zinatibu nini. Ukikuta na drop_caches humo, iondoe pia: inatupa kashe ambayo kerneli ingeiachia yenyewe RAM ikihitajika.